Mama Ameshaaga, Petroli Imepanda

Mimi ndiye niliyewapelekea watu wa Bagamoyo habari kwamba petroli imepanda. Sikuipandisha mimi, lakini nendeni mkawaambie wao. Nilikuwa dereva wa basi la tajiri mmoja pale Dunda, basi la bodi ya mbao lililobabuka rangi, nalo lilikuwa likitoka asubuhi kwenda Dar es Salaam na kurudi jioni kwa njia ya Kerege na Bunju, masika ikitupa ruhusa. Tajiri alikuwa akikaa barazani kwake akinywa kahawa. Matusi nilikuwa nikiyala mimi.

Mwaka ule mfereji wa kule Misri ulikuwa umefungwa kwa vita. Meli za mafuta zikawa zinazunguka mbali, na bei ikapanda hadi ikatufikia sisi ambao huo mfereji hatujauona hata kwenye picha. Tajiri wangu akajua kwamba akipandisha nauli waziwazi watu watamlaani, basi akatafuta njia nyingine. Nauli ikabaki ile ile. Lakini mzigo wa juu ya basi, ambao tangu zamani ulikuwa ukipanda bure, sasa ukawa na malipo yake. Tenga la samaki, lipa. Gunia la nazi, lipa. Kuku wawili waliofungwa miguu, lipa. Mwanamke mmoja muuza papa mkavu alinijia juu mbele ya abiria wote, akaniuliza kama papa wake naye anakunywa petroli. Nikamjibu ndiyo, anakunywa, maana kila ratili inayopanda juu ya gari injini ndiyo inayoivuta. Akaniita mwizi. Mimi sina dogo, nikamwambia kama hataki ashuke aende Kariakoo kwa miguu. Hakushuka. Alilipa, akakaa nyuma yangu, akanisema mpaka tukavuka Mto Mpiji.

Kila aliyenilalamikia nilimpa jibu moja: si mimi, ni petroli. Nilisema hivyo hata nikachoka kujisikia. Baadaye redio ikatangaza kwamba mfereji umefunguliwa, na siku ya pili yake abiria wakanizunguka, haya, shusha. Nikaenda kumwuliza tajiri. Akasema tungoje kwanza tuone. Tukangoja, na mpaka kipupwe kinaingia tulikuwa bado tunangoja.

Sasa niseme habari ya mama yangu. Alikuwa mjane, mtu wa Kaole, na shamba lake la minazi lilikuwa huko huko karibu na magofu. Mama alikuwa mfupi, mwembamba, na akishika jambo haambiliki. Jambo alilolishika tangu baba afariki lilikuwa hija. Kila akiuza nazi, kila akiuza mbata ya nazi kavu, alikuwa akitenga kitu, na mimi nilipopata kazi ya udereva nikawa naongezea kutoka mshahara wangu. Hatukuwa tukilizungumza sana. Alikuwa akisema tu, "Bado kidogo," na mimi nikajua anasema nini.

Meli ya mahujaji ilikuwa ikitoka Mombasa, lakini mama alikuwa na ugonjwa wa nyonga, na kulala sitahani siku zote zile kusingemfaa. Ndipo tukasikia kwamba Dar es Salaam yuko wakala, mtu wa Unguja, aliyekodi ndege ya kupeleka mahujaji mpaka Jidda. Ndege! Mama aliposikia hakushangaa wala hakuogopa. Aliuliza tu kama ina mahali pa kunyoosha mguu. Nikaenda kwa wakala, nikalipia nafasi mbili, yake na yangu, kwa sababu mwanamke huenda na maharimu wake, na mtoto wa kiume alikuwa naye mmoja tu, mimi. Sitaki mdhani kwamba nilikuwa namsindikiza tu. Nilitaka kwenda. Nilitaka mpaka nikawa naendesha basi huku nafsi yangu imo Makka, na mara mbili nilimpita abiria aliyenisimamisha, nikarudi nyuma na kuomba radhi.

Na radhi ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Kwetu mtu hatoki kwenda hija kimyakimya. Anazunguka mji, nyumba kwa nyumba, anashika mikono ya watu na kuwaambia: kama nilikukosea, nisamehe, kama unanidai, sema. Mama alizunguka kwa wanawake, mimi kwa wanaume, lakini wanawake nao wengi walikuwa wakinidai kwa sababu ya yale malipo ya mizigo. Fikirini. Nilikwenda sokoni nikasimama mbele ya mwanamke wa papa, nikamwomba radhi kwa bei ambayo sikuipanga mimi. Alinitazama sana. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akanipa mkono, akasema amenisamehe mimi lakini si tajiri wangu. Nikamwambia huyo ataomba mwenyewe akienda.

Kila aliyetusamehe alitupa na amana. Ukifika Madina, mbele ya kaburi la Mtume, nifikishie salamu zangu, mimi fulani binti fulani, mimi fulani bin fulani. Hilo si neno la kusema tu. Ukishalipokea umelibeba, na usipolifikisha utaulizwa. Mama akabeba za wanawake, mimi nikabeba za wanaume, na siku ya kuondoka tulikuwa tumebeba karibu mji mzima. Walitutoa kwa kaswida na dufu mpaka kwenye basi, basi langu mwenyewe, na siku ile lilikuwa likiendeshwa na dereva mwingine. Mimi nilikaa kiti cha abiria kama bwana mkubwa.

Na kuna jambo moja ambalo wazee wetu walilishika sana. Aliyekwisha kutolewa nyumbani kwa ajili ya hija harudi nyuma, hata kama amesahau kijiko. Anarudi akiwa haji, au harudi.

Dar es Salaam tulifikia Ilala, kwa mama mdogo, mdogo wake mama, mjane mwenzake aliyekuwa akikaa na binti zake wawili. Ndege ilikuwa iondoke baada ya siku chache. Asubuhi yake nikamchukua mama tukaenda kwa wakala kule Uhindini, kumwonyesha kwamba tumefika. Alikuwa mtu mpole, kanzu safi, kofia ya viua. Akamwamkia mama shikamoo kwa adabu, akatukaribisha viti, akaagiza chai. Mimi nikajua hapo hapo kwamba pana jambo. Anayekuagizia chai kabla hujaomba ana habari mbaya.

Akasema kila nafasi imeongezeka. Akataja kiasi. Nikamwambia nimekwisha lipa nauli yote na stakabadhi ninayo.

"Nauli ni ile ile, bwana," akasema. "Hii ni nyongeza ya mafuta."

Damu ikanipanda kichwani. Nikamwuliza, kama nauli ni ile ile, mimi hapa nadaiwa nini. Akanieleza taratibu, bila ya kukasirika. Ndege si yake, ameikodi. Inakunywa mafuta Nairobi, inakunywa tena Aden, na wakati wa kurudi vile vile. Wenye ndege walimpa bei mwanzoni mwa mwaka, na wiki ile wamempelekea habari kwamba kwa bei ile hairuki. Aden mafuta yamepanda. Ile nyongeza wameigawanya kwa viti, na kila kiti kimepata fungu lake. Tena mizigo imepunguzwa, na kila ratili ya ziada ina malipo, kwa sababu uzito ndio unaokula mafuta. Nikasema mfereji si umefunguliwa? Akasema umefunguliwa kweli, lakini wao wanangoja kwanza waone. Kisha akafungua viganja vyake.

"Si mimi," akasema. "Ni mafuta."

Mama alikuwa amejifunika buibui lake. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Mwanangu, huyu bwana amekusikia wapi?"

Wallahi nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Maneno yangu yote, moja moja, na mapumziko yake, yametoka kinywani kwa mtu mwingine yamekuja kunipiga mimi. Hata hoja ya papa anayekunywa petroli aliitumia, isipokuwa hakutaja papa. Ningemwita mwizi, lakini nilikuwa naijua hesabu yake kuliko yeye mwenyewe. Hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kiasi kile kwa nafasi mbili hatukuwa nacho. Tulikuwa na pesa ya chakula na malazi ya huko, basi, na hiyo huwezi kuigusa, maana utakula nini Makka? Wakala akasema anaweza kutungoja mpaka siku moja kabla ya safari. Zaidi ya hapo kuna watu wa Lindi wanazitaka nafasi.

Tukarudi Ilala kwa miguu, mama akichechemea, jua limewaka. Mimi nikawa nafikiri kwa sauti. Nikasema nitarudi Bagamoyo jioni ile ile, watu watachanga, mji mzima umetuaga kwa furaha, hautashindwa. Mama akasimama katikati ya njia.

"Ukirudi wewe ndiyo nimerudi mimi," akasema. "Nimeshaaga."

Nikasema basi nimwendee tajiri wangu anikopeshe, nitamlipa kwa mshahara. Hilo nalo akalikataa. Haendi kwa Mungu na pesa ya mkopo. Akifa njiani deni lake atalipa nani? Tulipofika nyumbani mama mdogo akasikia, akavua bangili yake ya dhahabu hapo hapo, akaiweka mkekani. Mama akaichukua, akamvisha tena kwa mkono wake mwenyewe. Alimwambia ana mabinti wawili wa kuoza, aache mchezo.

Kesho yake mama akaja na lake. Aliniamsha kwa swala ya alfajiri na tulipomaliza akaniambia amekwisha pata dawa. Tukate tiketi za kwenda tu, sote wawili. Kurudi tutakujua huko huko. Nilimtazama kama ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani. Nikamchukua tena mpaka Uhindini, safari hii kwa gari la watu, na akamwambia wakala mwenyewe. Yule bwana akatikisa kichwa. Serikali haimruhusu hujaji kuondoka bila ya tiketi ya kurudi mkononi.

"Na nikifia huko?" mama akauliza.

"Hata ukifia huko, bibi. Lazima iwepo."

Mama akasema hiyo serikali inapenda kumsubiri maiti. Wakala akainamisha uso ili asicheke.

Nilipomrudisha nyumbani nikajua kwamba iko njia moja tu, na nilikuwa nimeijua tangu jana, nikawa naizunguka nisiitazame. Nikirudisha nafasi yangu, wakala atanirudishia sehemu kubwa ya pesa, maana watu wa Lindi wako mlangoni. Pesa hiyo italipa nyongeza ya mama, na itabaki ya mizigo na ya ziada mkononi mwake. Atakwenda. Mimi nitabaki.

Nasema wazi, nilichukia. Nilikwenda nikasimama nje kwenye ua wa mama mdogo, karibu na kisima, nikaukunja uso mpaka binti mmoja akaniuliza kama naumwa jino. Nilimchukia wakala, nikawachukia wenye ndege, nikamchukia yule aliyechimba mfereji na yule aliyeufunga. Nilijichukia mimi kwa kujua kwamba hesabu ni sawa. Halafu nikanawa uso. Nikajiambia kwamba mwanamke huyu ameangusha nazi kwa mikono ya watu na kuvunja mbata kwa mikono yake, na kama kuna mmoja atakayepanda ile ndege, ni yeye, potelea mbali mengine yote.

Lilibaki jambo la maharimu. Mama alifundishwa kwamba mwanamke hasafiri safari kama ile peke yake, na nilijua hatakubali kwa kunisikiliza mimi dereva. Baada ya alasiri nikaenda msikitini nikamngoja sheikh mmoja mwenye kusifika kwa elimu, nikamweleza. Akaniambia kwamba katika madhehebu yetu, hija ya kwanza ikiwa ni ya faradhi, mwanamke anaweza kwenda na wanawake waaminifu anaofuatana nao. Nikarudi mbio kwa wakala kuuliza. Walikuwepo wanawake watatu wa Pangani, watu wazima, mmoja wao anakwenda mara ya pili na anaijua njia.

Nilipomwambia mama, yeye hakushukuru. Alikasirika.

"Nani alikutuma?"

Nikamwambia hakuna aliyenituma. Akainuka kwenda kutawadha, maghribi ilikuwa imekaribia. Baada ya swala akaniambia anataka kumsikia sheikh kwa masikio yake. Sheikh akatupokea nyumbani kwake siku ya pili, mama akakaa upande wa pili wa pazia, na sheikh akamweleza kila kitu tena, kwa utulivu. Mama akasema amefahamu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza: na huyu je, aliyekwisha agwa na mji mzima? Sheikh akajibu kwamba hakuna dhambi kwa aliyezuilika, nia yake ipo pale pale.

"Nia haimfikishi mtu Jidda, sheikh wangu," mama akasema. "Ndege ndiyo inayomfikisha."

Sheikh alicheka mpaka akakohoa.

Njiani mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya tangu nilipoota ndevu. Akaniambia, "Sitakudanganya, mwanangu. Nikisema nenda wewe mimi nibaki, nitakuwa mwongo. Nataka kwenda." Nikamwambia najua. Akaniuliza nitaingiaje Bagamoyo, mtu niliyetolewa kwa dufu. Nikamwambia nitaingia kwa basi, ndiyo kazi yangu. Mkono hakuuachia mpaka nyumbani. Siku ile ile nikairudisha tiketi yangu.

Siku ya safari tulifika uwanja wa ndege mapema mno, kwa sababu mama hakuamini saa ya mtu. Uwanja ulikuwa bado mpya, uko nje kabisa ya mji. Wale wanawake wa Pangani walikuwa wamekwisha fika na makapu yao. Mizigo ikapimwa, na mama akaambiwa imezidi. Akatoa mchele. Ikapimwa tena, bado. Akatoa chupa ya achari, akaitazama, akanikabidhi kama anayenikabidhi mtoto. Kisha wakampima yeye mwenyewe, kwenye mizani ile ile, na hapo ndipo aliponuna. Alisema amepimwa kama mbata. Nikamnong'oneza asinune, maana wembamba wake ndio unaoiokoa ndege.

Tulipokaa kwenye benchi kungoja, nikaona midomo yake inatikisika. Nilidhani anasoma uradi. Akaniambia hapana, anapitia salamu za wanawake asije akasahau. Kisha akanitazama.

"Na za wanaume zi kwako," akasema. "Nipe."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi ndiye niliyezipokea, na mimi siendi. Zikibaki kwangu zimepotea. Mama hajui kuandika, na hata kama angejua, amana ya mdomo hutolewa kwa mdomo. Tukazianza. Kwanza nilikuwa nazitaja ovyo ovyo, huyu, yule, na yeye akachanganyikiwa, akaniambia si hivyo. Tutembee, akasema. Tukaanza Dunda, nyumba ya kwanza ukitokea sokoni, nani yupo? Nikamtaja. Akarudia, jina na jina la baba. Nyumba ya pili. Tukaenda hivyo barabara nzima, tukaingia vichochoro, tukapita nyuma ya msikiti, tukatokea kwa mafundi seremala, tukashuka pwani kwa wavuvi ambao nyumba zao hazina mpango. Mahali pengine alinisahihisha, akasema hapo katikati umeruka mtu, kuna mzee kipofu. Kweli nilikuwa nimemruka. Tukatoka mjini tukashika njia ya Kaole, shamba kwa shamba. Wanawake wa Pangani walikuwa wamesogea, wakawa wanasikiliza.

Nilipofika kwa tajiri wangu nikasita. Maana naye alinipa salamu zake, asubuhi ya kuondoka, kwa haraka, mkono mmoja una kikombe. Roho yangu haikutaka kumtaja. Mama akasema taja, amana haichagui. Nikamtaja, akarudia kama wengine.

Watu wakaanza kuitwa. Nikasema basi, mama, nadhani wamekwisha. Wale wanawake wakainuka, mama akainuka, akalitengeneza buibui. Nikambusu mkono, nikamwomba radhi, akanipa. Alikwisha kwenda hatua kadhaa na wenziwe, halafu akageuka, akarudi mpaka kwangu, askari wa uwanja akimpungia mkono afanye haraka.

"Umenipa za watu wote," akasema. "Yako iko wapi?"

Nilifungua kinywa nimwambie. Ni maneno machache, mtoto wa chuo cha Kurani anayajua. Lakini nilipotaka kuyatoa kitu kikayazuia, na kitu hicho hakikuwa huzuni. Kilikuwa ubishi. Nikamwambia, "Yangu usiibebe, mama. Yangu nitaipeleka mwenyewe."

Alinitazama usoni, kama anavyoitazama nazi kabla ya kuitikisa kusikia kama ina maji. Kisha akainamisha kichwa, amekubali.

"Basi usikawie," akasema. "Mafuta hayashuki."

Akapanda ngazi kwa mguu wake mbovu, bila ya kushikwa na mtu. Ndege ikawasha mapanga, ikanguruma, ikajivuta mpaka mwisho wa uwanja, ikarudi kwa kasi na kuinuka. Nilisimama mpaka sikuisikia tena, nimeshika chupa ya achari.

Siku ya pili yake niliingia Bagamoyo kwa basi. Sikujificha. Niliposhuka Dunda watu walidhani wameona jini, kisha wakaelewa, kisha wakaanza. Kwa miezi mingi niliitwa Haji wa Ilala. Abiria walikuwa wakinipa nauli na kunibusu mkono kwa kejeli, wengine wakaniuliza Zamzam iko wapi. Mwanamke wa papa hakunitania. Aliniuliza tu kama salamu zake zimekwenda, nikamwambia zimekwenda, yeye akalipa mzigo wake na kukaa. Mama alirudi salama, akapokelewa kwa dufu, na wenye ulimi wakapunguza. Siku ile ile alinikumbusha neno langu, mbele ya watu.

Nilianza kutenga kutoka mshahara ule ule, kidogo kidogo. Kila nilipokaribia, nauli ya ndege ilikuwa imepanda tena, na kila mara wakala aliyekuwepo alinieleza habari ya mafuta, na mimi nikamwambia najua, endelea. Mara mbili nilizitumia pesa hizo kwa magonjwa ya nyumbani, nikaanza upya. Nilikawia, tena sana. Nilikwenda nikiwa na mvi, kwa bei ambayo ingetupeleka mama na mimi na mama mdogo na binti zake katika ile ndege ya kwanza. Nilipofika Madina nilisimama katika msongamano wa watu nikaisema salamu yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama nilivyomwahidi mama. Halafu nikasema na ya kwake, jina lake na jina la baba yake, maana safari hiyo mama hakuwepo tena wa kunituma.